Kitabu kimetungwa kwa kodi zetu, nyuma kimeandikwa "Haki zote zimehifadhiwa". Zimehifadhiwa kwa ajili ya nani?

#1 Steshenari_Moro
Wakuu salaam. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro mjini, mashine mbili za kunakili na moja ya kubana vitabu. Mwezi uliopita walikuja wakulima wawili kutoka Dakawa wakiwa na simu, ndani kuna pdf ya kijitabu cha kilimo bora cha mpunga, kurasa 36. Wameipakua kwenye tovuti ya ofisi moja ya serikali. Wanataka kichapwe, maana kusoma kwenye simu ukiwa jarubani mikono imejaa tope ni mateso. Nikawachapia viwili. Wakaja wenzao. Hadi wiki jana nimeshatoa nakala 40, nauza 3,500 na jalada la plastiki juu.

Ijumaa kaingia jamaa kapendeza, kachukua kimoja, moja kwa moja kafungua ukurasa wa mwisho na kuniwekea kidole: "Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili, kuchapisha wala kusambaza sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini ya maandishi." Kaniuliza idhini iko wapi. Sina. Kasema ana ndugu yake kwenye hiyo ofisi, nijiangalie.

Ofisi siitaji, sitafuti makubwa. Ila naomba kuelimishwa: aliyekitunga analipwa mshahara wa kodi yangu. Karatasi imelipiwa na kodi yangu. Hiyo haki imehifadhiwa kwa ajili ya nani?

#2 KahawaChungu
Naweka kambi. Huyo jamaa alinunua au aliondoka hivi hivi?

#3 Steshenari_Moro
#2 Alinunua. Na punguzo aliomba.

#4 Wakili_Mchovu
Mkuu, tuanze na sheria kabla hatujaanza na hasira. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inataja vitu visivyolindwa: sheria zenyewe, maamuzi ya mahakama na ya vyombo vya utawala, tafsiri zake rasmi, na habari za siku. Kijitabu cha mpunga si sheria wala hukumu. Ni kazi ya maandishi kama nyingine, na kazi ya mwajiriwa aliyoifanya akiwa kazini, faida zake za kiuchumi kwa kawaida ni za mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mwajiri hapo ni serikali. Kwa hiyo jamaa mwenye shati zuri hakukosea.

Pole, ila ndivyo ilivyo.

#5 mkulima_wa_kweli
Yaani ningekunakilia Sheria ya Hakimiliki yenyewe nikauza, sina kosa. Nikinakili namna ya kupanda mpunga, nina kosa. Nchi yangu nakupenda.

#6 Wakili_Mchovu
#5 Umeielewa sawasawa. Sheria inamhusu kila mtu, hivyo lazima kila mtu aweze kuipata. Ndiyo maana hukumu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na Wakenya wana yao, Kenya Law.

#7 BintiPemba
Marekebisho kidogo kwa #4. Hiyo ya 1999 ni ya Bara. Zanzibar tuna yetu ya 2003, na msimamizi wa hakimiliki ni COSOZA, si COSOTA ya Bara. Kila siku mnatusahau.

#8 Wakili_Mchovu
#7 Sahihi kabisa dada, samahani. Morogoro inaangukia ya 1999.

#9 Mbeba_Box_Leeds
Huku Uingereza nako serikali ina hakimiliki, wanaiita ya Taji, na kazi iliyochapishwa inalindwa miaka 50. Tofauti ni kwamba 2010 walitunga Leseni Huria ya Serikali. Unaruhusiwa kunakili, kubadili, hata kuuza, sharti utaje umeitoa wapi na usijifanye wao wamekutuma. Leseni yenyewe ni ukurasa mmoja tu. Nembo za kifalme na taarifa binafsi za watu hazimo.

Yaani hawakuifuta hakimiliki, bado wanayo. Wametoa ruhusa mapema, kila mtu, mara moja, ili mtu asiandike barua kila akitaka kutoa nakala. Ungekuwa huku, mleta mada, hizo 3,500 zingekuwa halali yako.

#10 KahawaChungu
#9 Angekuwa huko kodi ya fremu tu ingemrudisha Dakawa.

#11 mwanafunzi_wa_IT
Marekani ndio mwisho wa maneno. Kitu chochote cha serikali hakina mwenyewe. Picha za NASA mtu anaweka kwenye fulana anauza.

#12 Wakili_Mchovu
#11 Punguza kasi. Ni kazi za watumishi wa serikali kuu, yaani ya shirikisho, wakiwa kazini. Majimbo ni habari nyingine. Georgia ilidai hakimiliki ya maelezo yaliyoambatanishwa na sheria zake. Mtu akayaweka mtandaoni, akashtakiwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu. 2020 jimbo likashindwa, majaji watano kwa wanne. Ona ilivyokuwa karibu. Na nembo ya NASA usiiguse hivi hivi, ina ulinzi wake wa pembeni. Picha ya mwezi weka, nembo acha.

#13 Mswahili_Wiki
Nawapa kisa cha upande wangu. Najitolea kuandika Wikipedia ya Kiswahili. Kule picha haiingii bila leseni huria. Sasa tafuta picha huru ya Mwalimu Nyerere akiwa Rais. Utaikuta: Julai 1963, yuko Washington na Kennedy. Utapata na nyingine ya 1977 akiwa na Carter. Kwa nini hizo? Kwa sababu mpiga picha alikuwa mtumishi wa serikali ya Marekani, na picha yake haina hakimiliki kule.

Mpiga picha wetu alikuwa amesimama pembeni pale pale, pengine pembe yake ilikuwa nzuri zaidi. Yake siwezi kuitumia. Matokeo yake viongozi wetu wengi wanaonekana mtandaoni wakiwa wameketi kwenye makochi ya watu.

#14 mkulima_wa_kweli
#13 Hii imeniuma kuliko mpunga.

#15 Nairobi_Mwananchi
Hamjambo majirani. Kwetu Kenya Rais Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria tarehe 8 Julai 2011, tukapigiwa makofi Afrika nzima. Halafu tuna Kifungu cha 35 cha Katiba, kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ikapitishwa 2016. Kwa hivyo mimi naona hoja imekwisha. Ni haki yako, chapa.

#16 Wakili_Mchovu
#15 Hapana bwana, hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Haki ya kupata si haki ya kurudufu. Ukiomba ripoti unapewa, unasoma, unajua. Kuichapa upya na kuuza ni ruhusa nyingine. Na sisi tuna sheria yetu ya kupata taarifa ya 2016, nayo haimpi mleta mada leseni ya kuchapa.

#17 Nairobi_Mwananchi
#16 Sawa wakili, hapo umeniweza. Lakini basi wangesema! Pdf iko wazi, hakuna nywila, hakuna malipo, kitufe kimeandikwa "Pakua". Ukiniwekea sahani mezani nikala, usinigeukie na bili.

#18 mchora_ramani
Nimechelewa, nilikuwa porini. Watu wanachanganya bure na huria. Chukueni picha za setilaiti za Landsat. Ni za serikali ya Marekani, hakimiliki hazina, lakini kabla ya 2008 picha moja ya Landsat 7 ilikuwa dola 600. Huria, ila si bure. Chuo kikimudu picha tatu kwa mwaka kinajisifu. 2008 wakafuta bei, zikaanza kupakuliwa kwa mamilioni, na ndiyo msingi wa ramani nyingi za misitu tunazotumia leo. Wazungu wa Ulaya nao wakaja na setilaiti zao za Sentinel, picha bure tangu mwanzo.

Kijitabu cha mleta mada ni kinyume chake: bure, ila si huria.

#19 mwanafunzi_wa_IT
#18 Hii sentensi ya mwisho naiiba. Leseni yake ipi?

#20 mchora_ramani
#19 Taja jina langu, inatosha.

#21 BintiPemba
Kwa kuwa ramani zimetajwa, sisi Zanzibar tuna la kujivunia. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa chuo kikuu chetu, SUZA, walirusha droni Unguja na Pemba. Picha ni kali hadi unauona mnazi mmoja mmoja na bati lililotoboka. Zikawekwa kwenye tovuti ya OpenAerialMap kwa leseni huria ya Creative Commons, anayetaka achukue, ataje chanzo. Mimi nilizitumia kwenye tasnifu yangu ya mmomonyoko wa fukwe, sikuandika barua hata moja. Naikumbuka siku ile, nilifungua picha nikaliona paa la nyumba ya bibi, na kando yake jamvi lenye karafuu zimeanikwa.

Kwa hiyo msiseme serikali zetu haziwezi. Inawezekana.

#22 shemeji_wa_ofisini
Hongera BintiPemba, ila tuseme ukweli: mradi ulikuwa na wafadhili, na wafadhili hupenda leseni huria. Dar Ramani Huria ya 2015 nayo ni hivyo hivyo. Mimi nimekaa serikalini miaka kumi na minne, nawaambia sababu halisi ni maduhuli. Taasisi inaambiwa ichangie mapato yake yenyewe. Mwenye ramani atauza ramani, mwenye takwimu atauza takwimu, mwenye kitabu atauza kitabu. Ukimwambia atoe huria, anakuuliza pengo litazibwa na nani.

#23 Steshenari_Moro
#22 Lakini shemeji, hiki cha kwangu hawakiuzi! Kiko bure tovutini. Maduhuli gani hapo?

#24 shemeji_wa_ofisini
#23 Hapo umenibana.

#25 Mtakwimu_Mstaafu
Si pesa. Ni hofu ya kupotoshwa. Afisa anawaza: nikiruhusu wabadilishe, mtu atabadili kiasi cha mbolea, mkulima aunguze shamba, jina langu liko juu ya jalada. Mnakumbuka Sheria ya Takwimu ilivyorekebishwa 2018? Ilikuwa kosa kutoa takwimu zenye lengo la kupotosha au kukanusha zile rasmi. 2019 wakalegeza baada ya kelele. Hofu ni ile ile.

Na msisahau, kwenye ule ubia wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi tuliingia 2011, tukajitoa 2017. Huo ndio upepo uliokuwa unavuma.

#26 mkulima_wa_kweli
#25 Mzee shikamoo. Mbolea naelewa, lakini kuzuia nakala sahihi hakuzuii nakala mbovu. Huku kijijini kinachozunguka ni sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana anasema weka chumvi kwenye majaruba. Ile haina hakimiliki na inasambaa vizuri sana.

#27 Mtakwimu_Mstaafu
#26 Marahaba. Chumvi tena! Usiweke, tafadhali.

#28 Mchora_Jalada
Nyote mnatafuta sababu kubwa kubwa. Mimi ni mbunifu wa kurasa, nimepanga vijitabu vya taasisi za umma zaidi ya ishirini. Ile aya ya "Haki zote zimehifadhiwa" naibandika MIMI. Naitoa kwenye kazi iliyopita, nabadili mwaka. Hakuna aliyewahi kunielekeza niiweke, hakuna aliyewahi kunielekeza niitoe. Safari moja nilisahau kubadili jina la taasisi, kikachapwa hivyo hivyo, nakala elfu mbili, hakuna aliyeona.

#29 Wakili_Mchovu
#28 Mungu wangu.

#30 KahawaChungu
#28 Kumbe ndugu wa yule mwenye shati zuri ni wewe!

#31 Nairobi_Mwananchi
#28 inaeleza mengi, ila si yote. Ukiacha kuiandika ile aya, hakimiliki ipo tu. Haihitaji kutangazwa wala kusajiliwa. Kwa hivyo tatizo si uliyoyaandika, ni yale ambayo hakuna aliyekwambia uandike: mstari mmoja wa kuruhusu.

#32 shemeji_wa_ofisini
Na huo mstari nani atausaini? Mkurugenzi ataogopa, atapeleka kwa mwanasheria. Mwanasheria ataandika "tusubiri mwongozo". Nimeliona faili linazunguka miezi saba kwa ajili ya picha mbili za kalenda.

#33 Mwalimu_Neno
Naomba nichokoze upande wa lugha. Wenzetu wanasema kazi isiyo na mwenyewe "imeingia kwenye umma". Sisi tukitafsiri tunapata "mali ya umma". Sasa kwa Mswahili wa kawaida mali ya umma maana yake nini? Usiguse! Mtu akihujumu mali ya umma anafungwa. Kiti cha shule kina namba ya rangi nyeupe mgongoni, kitabu cha shule kimeandikwa hakiuzwi. Yaani neno lile lile ambalo lingepaswa kusema "chukueni, ni chenu" kwetu linasema "weka chini". Afisa anayemzuia Steshenari_Moro hana roho mbaya, anaona analinda mali ya umma.

#34 BintiPemba
#33 Wallahi umenena. Tuseme nini basi? "Miliki huru"?

#35 Mwalimu_Neno
#34 "Leseni huria" imeshazoeleka, tuibakize. Kwa ile isiyo na mwenyewe mimi nasema "kazi huru". Kisima cha kijiji, kila mtu na ndoo yake.

#36 Mtakwimu_Mstaafu
#35 Kisima cha kijiji kina kamati, na mwenye punda wa kuuza maji mjini huambiwa achangie. Je, kampuni kubwa za nje zikija kuchota vitabu vyetu vyote zifundishie mashine zao, kisha zituuzie majibu kwa dola? Leseni huria haichagui. Inamruhusu mwenye steshenari na inamruhusu bilionea.

#37 mwanafunzi_wa_IT
#36 Mzee, hao wanachota hata bila leseni, wanagombana mahakamani baadaye. Anayezuiwa ni mimi. Natengeneza programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Nahitaji orodha ya maneno iliyokusanywa kwa fedha za umma. Nimeandikia taasisi moja barua mbili, kimya. Sithubutu kuchukua kwa sababu nina jina na anwani. Bilionea ana mawakili.

#38 KahawaChungu
Mnaongelea maneno, mnajua "Hakuna Matata" ni ya Disney? Walisajili Marekani. Tukisema hivyo tunadaiwa.

#39 Wakili_Mchovu
#38 Niliisubiri hii. Ile ni alama ya biashara ya nguo, iliyosajiliwa 2003. Haikuzuii kusema, inahusu kuuza fulana huko. Hakimiliki ni kitu kingine. Sema hakuna matata mpaka uchoke.

#40 Mswahili_Wiki
Turudi kwenye mada. Mleta mada, picha zilizomo kwenye hicho kijitabu ni za nani? Tuwekee moja.

#41 Steshenari_Moro
[picha] Hii ya ukurasa wa 9, mtu kashika miche. Na hii ya wadudu ukurasa wa 22.

#42 Mswahili_Wiki
Ngoja niitafute kwa picha... Nimeipata. Ya wadudu ni ya taasisi ya utafiti ya nje, waliiweka mtandaoni kwa leseni yenye masharti matatu: taja mwenye picha, usifanye biashara, na ukiibadili toa kwa leseni ile ile. Kwenye kijitabu jina la mwenye picha lipo?

#43 Steshenari_Moro
Nimepekua kurasa zote 36. Halipo.

#44 mkulima_wa_kweli
😂😂 Kwa hiyo waliohifadhi haki zote wamehifadhi na za jirani!

#45 Mswahili_Wiki
#44 Usicheke sana. Sharti la pili linasema usifanye biashara. 3,500 na jalada la plastiki ni nini?

#46 Steshenari_Moro
Gharama! Karatasi 18 pande mbili, wino, jalada, waya wa kubana, umeme, na kijana wa mashine. Nabakiwa na kama mia tano.

#47 Wakili_Mchovu
Mjadala wa kama hiyo mia tano ni biashara umeshawatoa jasho watu wengi duniani. Wengine wanasema kufidia gharama si biashara, wengine wanasema ukishapokea hela umekwisha. Kama ningekuwa mshauri wa serikali ningewaambia hicho kipengele wasikiweke kabisa, maana anayeufikisha ujumbe Dakawa ni mtu wa steshenari, na mtu wa steshenari hali upepo.

#48 Mtakwimu_Mstaafu
#47 Sikubaliani, lakini nimekusikia.

#49 Steshenari_Moro
Wakuu mrejesho. Leo nimeenda mwenyewe. Nimepokewa vizuri, wala hakuna anayemjua yule jamaa. Dada wa mapokezi kakiangalia kijitabu, kasema "Kumbe kinapendeza hivi kikichapwa?", kaniomba kimoja. Afisa kaniambia yeye binafsi hana shida, ila hawezi kunipa ruhusa kwa mdomo. Niandike barua kwa Katibu Mkuu, niambatishe nakala. Nimemuuliza nakala niitoe wapi kama sijaruhusiwa kunakili, kacheka hajajibu.

Hapa dukani wamesimama watatu kutoka Dakawa, msimu unakaribia. Kuna mwenye mfano wa barua ya kuomba idhini?

#50 shemeji_wa_ofisini
Ninao, umenyooka, ulishapita wizarani mara mbili. Ila haki zote zimehifadhiwa. Elfu tano.

#51 Steshenari_Moro
Njoo PM.